Maji Yamelala

Tangi nililinunua kwa kinyozi wa mtaa wa pili, na niseme ukweli, sikulinunua kwa mapenzi ya samaki. Nililinunua ili baba asiondoke.

Tangu mama afariki mwaka jana, baba anaishi kwangu, na kila asubuhi akimaliza chai hutangaza kwamba kesho anarudi kwake. "Kule kuna utulivu," husema. "Huku kwako, kuku mgeni hakosi kamba mguuni." Kuhusu kelele hakosei. Mimi ni msusi, nasukia barazani, na wateja wangu hawajui kunong'ona. Lakini mzee wa umri ule, peke yake kwenye nyumba tupu? Tulibishana mpaka majirani wakajua hoja za pande zote mbili. Juzi akaacha kutangaza, akaanza kukunja nguo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Zamani nyumbani tulikuwa na tangi la samaki sebuleni, na baba hakumruhusu mtu mwingine kulishika. Nikasema moyoni, akipata wa kuwatunza, huenda akatulia.

La kinyozi lilikuwa limefugiwa samaki wa baharini. Chumvi imeganda pembeni, nyeupe, ngumu kama ukoko wa sufuria. Nikalitua uani nikakoroga maji ya sabuni, maana mimi na sabuni ni ndugu. Baba alikuwa kwenye kiti chake, amenipa mgongo makusudi. Alipogeuka akaona povu, aliinuka kwa kasi mpaka nikajiuliza yale magoti anayoyalalamikia ni ya nani.

"We mtoto! Unawaua samaki hata hawajafika?"

"Nasafisha tu, baba."

"Sabuni inajificha kwenye gundi ya kioo, haitoki hata uisuuze vipi. Mwaga hiyo! Lete siki."

Nikaleta siki. Akataka kitambaa kipya, akakinusa kwanza, kwa sababu mtu wa sabuni haaminiki. Akakilowesha, akakibandika juu ya chumvi akaiacha ilainike. Kisha akachukua wembe, akaulaza karibu ubapa na kukwangua taratibu, akiwa mbali na gundi ya pembeni. Mimi nilipewa kazi ya kuosha kokoto. Nilizikoroga kwenye ndoo nikamwaga, nikakoroga tena, na kila nilipodhani nimemaliza aliichungulia ndoo na kuguna. Tukalijaza tangi maji pale pale uani, akapitisha karatasi kavu kwenye kila kiungo kuona kama linavuja. Karatasi ikabaki kavu. Alikuwa anaimba kwa pua, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu msiba, na mimi nikainama kwenye kokoto zangu asinione uso.

Mchana tulikuwa tumeliweka sebuleni, juu ya meza imara, na kulijaza upya kwa maji ya bomba.

"Basi," akasema. "Samaki kesho. Sasa maji yalale, dawa ya bomba iyatoke."

Bila kufikiri nikaweka kidole mdomoni, nikaondoka pale kwa kunyata.

"Una nini wewe?"

"Si umesema maji yanalala?"

Alinitazama kama mtu aliyepewa chenji isiyo yake. Nikacheka. Nikamkumbusha jinsi tulivyokuwa tukiishi: yeye akirudi asubuhi kutoka zamu ya usiku kwenye tanuri la mikate, nguo zinanuka hamira, anaingia chumbani, na mama anatuita sote watoto mbele ya tangi. "Maji yamelala," anasema. "Mkiyaamsha, samaki watakufa." Basi ugomvi wetu tuliupeleka nje. Tulivua viatu mlangoni. Hata kupiga chafya tulikimbilia uani, na kaka yangu mkubwa, ambaye leo ana sauti ya kuamsha mtaa, alijifunza kucheka bila kutoa sauti. Ninaikumbuka harufu ya ile hamira mpaka leo, na mama amekaa sakafuni akichambua mboga bila hata kugonganisha sahani.

Baba hakucheka.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku."

"Maji tulikuwa tukiyalaza siku ya kuyabadilisha tu. Tena kwenye ndoo. Mara moja kwa wiki."

Nakaribia kupata wajukuu, na mpaka dakika ile nilikuwa naamini kwamba maji yana masikio.

"Kazini nilikuwa nawaringia watu," baba akasema. "Nawaambia, wanangu ni wapole, nalala kama mfalme. Sikujua." Akavuta kiti, akaketi. "Angeniambia, angalau nimshukuru."

Macho yake yakabaki kwenye kile kioo kisicho na samaki bado, na machozi yakamshuka waziwazi, wala hakuyafuta. Yangu pia.

"Nilidhani utulivu ni wa ile nyumba," akasema. "Kumbe ulikuwa wake. Sasa nirudi kule nikafuate nini?"

Nilimletea mto, akajinyoosha kwenye kochi. Mara nikasikia barazani, "Hodi hodi, wenyewe mpo?" Mteja wangu mwenye mdomo kuliko wote, na miadi alikuwa nayo. Nikatoka haraka, nikamshika mkono kabla hajaendelea.

"Njoo jioni," nikamwambia kwa sauti ya chini. "Baba yangu amelala."

Hakuwa amelala bado. Alikuwa ananisikia.