Pua ya Marlys Haugen

Katika chumba cha kuonjea cha Marlys Haugen, pale katika mji wa Hood River, kahawa ilikuwa marufuku, sigara marufuku, na marashi ndiyo kabisa. Aliyejipulizia hata tone moja alirudishwa kabla hajaifikia meza. Mwaka juzi alikuja mpiga picha wa gazeti, bwana mtanashati anayenukia mpaka kwenye viatu. Marlys alimsimamisha uani, akamwonyesha bomba na kipande cha sabuni ya mche. Picha zilipigwa, lakini mpigaji alikuwa amelowa shati zima.

Hakuna aliyeona kwamba mama huyu amezidisha ukali. Ukichanganya wiski za kimea kutoka viwanda vitatu tofauti, kila pipa na tabia zake, kazi yote ni ya pua, ulimi huja mwishoni kuhakikisha tu. Na kwa miaka ishirini na sita pua ya Marlys ikishasema, mjadala ulikuwa umekwisha.

Tatizo ni kwamba pua hiyo ilikuwa imekufa tangu Januari.

Yalikuwa mafua ya kawaida. Mafua yakaondoka, harufu haikurudi. Alinusa vitunguu, alinusa petroli, alinusa soksi za marehemu mumewe zilizosahaulika kabatini, akaambulia patupu. Sasa ilikuwa Mei na hakuwa amemwambia mtu. Aliogopa, tena aliogopa kitu kimoja: kuambiwa kwa upole kwamba ameshafanya mengi, sasa akapumzike nyumbani. Huko nyumbani hakukuwa na lolote la kumpumzisha.

Basi akabuni ujanja. Kila asubuhi alimwekea glasi Renata Ochoa, msaidizi wake mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, aliyekuwa akichambua peasi kwenye ghala la matunda kabla hajaja kwake.

"Haya, mwanafunzi, nieleze mna nini humo."

Renata ananusa, anaeleza, jasho linamtoka. Marlys anatikisa kichwa kama mwalimu anayelijua jibu, kumbe kila neno analiandika.

Asubuhi ya kuupitisha mchanganyiko wa mwaka ilifika. Ilikuwa saa nne, kabla ulimi haujaharibiwa na chakula cha mchana. Ndani ya mchanganyiko ule mlikuwa na wiski ya Washington, ambayo kimea chake hukaangwa mpaka kikakaribia ladha ya kakao, na ya Colorado yenye utamu wa pichi, na ya Arizona, ambako kimea hufukizwa kwa moshi wa kuni za mesquite, mti wa miiba wa jangwani. Marlys alimimina, akadondosha maji kidogo kila glasi, akazifunika kwa visahani. Ione Petrie, msimamizi wa mauzo, alikuwa ameshakaa na ndoo yake ya kutemea, na Renata ameshika kalamu. Aliyekuwa akisubiriwa ni Darrell Boggs, mbia wa Marlys tangu siku ya kwanza.

Darrell alikuwa anatoka kanisani. Siku hiyo waumini walikuwa wakipigwa picha za kitabu cha usharika, na mkewe alikuwa amemfunga tai, akamchana, kisha akammwagia marashi nusu chupa. Kwa haraka ya kuwahi alisahau kabisa. Akaingia, akavuta kiti, akakaa ubavuni kwa Marlys, kiwiko kwa kiwiko.

"Samahani, nimechelewa."

"Hujachelewa bwana. Tuanze," Marlys akasema.

Renata aliiweka kalamu mezani. Darrell naye harufu yake ikamrudia, akajishika shavu, akainuka nusu, akabaki hivyo akingoja kufukuzwa.

"Umekalia msumari?" Marlys akamuuliza.

"Marlys," Darrell akasema taratibu. "Mimi nanukia."

"Unanukia nini?"

"Nanukia kama bwana harusi. Mtazame Ione, amejiziba pua tangu nifike mlangoni."

Marlys akageuka. Kweli, Ione alikuwa na kitambaa usoni. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, kwamba amemstahi mwenzake kwa kuwa ametoka kanisani, lakini aliwajua hawa watu. Yeye kumstahi mtu aliyejipaka marashi? Hata Darrell asingemeza hilo.

"Tangu Januari," akasema. "Sisikii harufu ya chochote. Ghala likiungua mtaniambia nyie."

Darrell akaketi tena taratibu.

"Na huu mchanganyiko je?" Ione akauliza. "Umeupata kwa maombi?"

"Kwa Renata."

"Kwa nani?" Renata akashtuka.

"Kila asubuhi nilipokuuliza, nilikuwa naandika."

"Nilidhani ni mtihani."

"Najua."

"Ngoja kwanza, bosi. Yale mapipa mawili ya Arizona niliyosema yananuka tairi. Uliyatoa?"

"Niliyatoa."

"Kwa neno langu mimi?"

"La nani tena?"

"Mimi siku hiyo nilikuwa nabahatisha. Nilisema tairi kwa sababu siku ya nyuma yake nilikuwa nimesema maua na wewe ukanuna."

Ione alicheka mpaka kitambaa kikamtoka, marashi yakamwingia, akaanza kukohoa. Darrell hakungoja kuambiwa. Alivua tai, akaenda mwenyewe uani kwenye bomba, na Renata akafungua madirisha yote.

"Nimekutumia bila kukuambia," Marlys akamwambia huko dirishani. "Nisamehe."

"Nimekasirika kidogo. Nikimaliza nitakujulisha."

Darrell alirudi ananuka sabuni ya mche, lakini hiyo ilivumilika. Marlys aliikunja mikono mezani. Aliona bora ajikate mwenyewe kuliko kukatwa.

"Semeni tu. Niende nyumbani?"

"Mimi nimeitwa kuonja wiski," Darrell akasema. "Tuonje. Hayo mengine baadaye."

Renata akafunua glasi yake. Safari hii alijua hakuna jibu lililofichwa kwenye daftari la mtu. Aliiinamia akiwa ameuacha mdomo wazi kidogo, kama alivyofundishwa, akakawia sana.

"Kakao imetangulia," akasema. "Moshi uko mbali, mahali pazuri. Halafu kuna ghala la peasi, Oktoba, alfajiri, masanduku bado yana umande." Akaonja, akatema. "Mbao mbichi za masanduku. Hiyo ndiyo inayobaki kooni."

Machozi yakamlenga Marlys. Miezi minne alikuwa akiandika maneno, na leo kwa mara ya kwanza alikiona kile kilichomo ndani ya glasi. "Endelea," akasema.

"Basi, inaishia hapo. Pichi inaingia na kutoka kabla hujaikaribisha. Haijakamilika, bosi."

"Imekamilika. Nimeipima mara tisa."

"Umeipima bila pua."

Darrell akaona jambo la kutazama kwenye dari. Miaka ishirini na sita, hapakuwa na aliyethubutu kutamka hivyo kwenye meza ile. Hasira ilimpanda Marlys mpaka shingoni. Alitafuta kosa kwenye maneno ya Renata apate pa kumpigia, hakuliona. Alichokiona, na kilimshangaza, ni kwamba hofu aliyolala nayo tangu Januari haikuwepo. Hakuna aliyetaja kupumzika. Walikuwa wanabishana juu ya pichi.

Akainuka, akaenda kwenye rafu, akarudi na chupa ya Colorado na kipimo cha kioo. Akasimama pembeni ya kiti cha Renata, si kwenye kiti chake, akaing'oa kizibo.

"Niongeze kiasi gani?" akauliza.