Mkanda Kiunoni mwa Wifi

Mimi sijawahi kudaiwa na mtu maisha yangu yote. Muulize yeyote hapa mtaani. Ila usimuulize mwenye duka, maana yule ana kinyongo, na muuza mkaa naye ana tabia mbaya ya kukumbuka mambo ya zamani. Fundi viatu ukimwona anakuja, vuka barabara. Mimi utanikuta nimeshavuka.

Lakini hao ni watu niliowaomba kitu wakanipa. Deni la kuomba nalijua, nimelala nalo kitanda kimoja miaka mingi na halijawahi kuninyang'anya shuka. Ninalotaka kusimulia ni deni lililonifuata kwangu likanikuta nimekaa, likanifagilia uwanja, kisha likanyoosha mkono.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuja kunitazama. Ndivyo alivyosema mlangoni: "Wifi, nimekuja kukutazama tu." Alikuwa na begi lililojaa mpaka zipu imekata tamaa. Nikajisemea, mtu wa kutazama tu hahitaji begi la namna hii, macho si anayo usoni? Lakini utamwambiaje? Nyumba ilijengwa na kaka yake. Mimi niliyeolewa humo nina haki ya kukaa, yeye ana haki ya kuingia bila hodi, na kati ya haki hizo mbili bawaba za mlango wangu zimechoka.

Ni mwanamke mfupi, mwepesi, miguu haitulii. Miaka mingi alifanya kazi katika nyumba ya kulala wageni, akitandika vitanda na kupiga deki, hadi magoti yalipoanza kulia wakamstaafisha. Mdomo haukustaafu.

Siku ya kwanza alikaa akala. Ya pili akala, akasema chumvi imezidi. Ya tatu nikaamka nikamkuta uwanjani na ufagio. Sasa wale waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, hawakutuachia neno la kutuongoza iwapo mgeni atalichukua jembe mwenyewe.

"Wifi, acha bwana. Wewe ni mgeni."

"Mgeni gani, nyumba ya kaka yangu?"

"Basi ni mwenyeji. Na sisi wenyeji wa hapa hatufagii mapema hivi."

Akacheka, akaendelea. Nami nikacheka, nikarudi kitandani. Laiti ningejua, kicheko kile ningekimeza.

Tangu hapo hakushikika. Alisugua masufuria mpaka nikauona uso wangu ndani yake, na sikuupenda. Alifua nguo chafu, zilipoisha akafua safi. Aliosha hata kifuniko cha mtungi, ambacho mimi nilidhani rangi yake ni ile. Majirani wakapita wakachungulia: "Bibi, umepata bahati!" Nikaitikia, nimepata, nimepata.

Jembe langu mimi ni cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu. Nashona foronya na kaptula za shule, ndizo zinazoniweka mjini. Wiki kadhaa zikapita hivyo, shule zilikuwa karibu kufunguliwa na kaptula za watoto wa mtaa zilikuwa zimerundikana mezani, zingine zina mguu mmoja. Wifi akaja, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Wifi, tupige hesabu."

"Hesabu ya nini tena, mama?"

"Ya kazi."

Akaanza. Kufagia, bei yake. Deki, bei yake. Choo, bei mbili, maana alisema choo changu ni cha watu wazima. Hakuwa na karatasi. Hesabu yote ilikuwa kichwani, na kichwa chenyewe alikuwa amekifunga kitambaa changu. Alipofika mwisho, kima chake kilikuwa bei ya cherehani niliyokuwa nimekaa nyuma yake, na sidhani kama ilitokea tu.

"Nani alikutuma kazi hizo?"

"Uchafu ndio ulionituma."

"Basi kaudai uchafu."

"Wifi, utani weka kando. Nimefanya kazi kwa magoti haya unayoyasikia. Ungekuwa hutaki ungesema."

"Nilisema acha!"

"Ulisema acha huku unacheka. Acha ya kicheko ni endelea."

Nikamwambia sina. Hakubisha. Aliinama, magoti yakalia ka, ka, akauchomoa ule mkanda wa ngozi unaopanda kutoka gurudumu kubwa la chini hadi kwenye kichwa cha cherehani. Akauingiza chini ya gauni, akauzungusha kiunoni, akapiga fundo.

"Ukinilipa, utaupata."

Nilibaki nimekanyaga pedali. Gurudumu la chini likazunguka, sindano haikutikisika. Bila mkanda, cherehani ni meza yenye pua.

Utaniambia ningetafuta mwingine. Nilitafuta. Muuza vipuri alicheka, akaniuliza cherehani hiyo nilirithi kwa nani. Nilifunga kamba ya katani, ikateleza. Nikasokota kitambaa, kikakatika na kunichapa mkono. Na wifi yuko pembeni anapiga deki, anaimba.

Maana hakuacha kazi. Hapo ndipo nilipoona nimenaswa. Kila asubuhi deni linaamka kabla yangu. Nikasema nitamwahi, nitafagia mwenyewe alfajiri. Nikatafuta ufagio nyumba nzima. Nilipochungulia chumbani kwake, kalala nao, kaukumbatia kama mume.

Basi nikaanza kuishi bila kuchafua. Chai nilikunywa kwenye kikombe kilekile bila kukiosha, nikakificha chini ya mto. Nilikula nimesimama uwanjani, nimeinama kama kuku, ili makombo yasidondoke ndani. Shuka nilikunja nikalala juu ya godoro tupu. Choo nilikwenda cha jirani ili changu kisisuguliwe, mpaka jirani akaniuliza kama nimemkasirikia au nimemzoea. Nguo moja wiki nzima. Mtu akibisha hodi nampokea barabarani, maana miguu yake ikiingia ni deki nyingine juu yangu. Nyumba iling'aa, na mimi ndani yake nilikuwa panya aliyenaswa mkia: hafi, haondoki.

Nilimpigia simu mwanangu wa pekee, anafanya kazi mbali. Akasema, "Mama, si bora shangazi yupo anakusaidia? Mimi hapa nalala kwa amani." Nikamwambia lala, mwanangu. Akina mama wakaja kudai kaptula. "Bibi, mtoto ataenda shule na nini?" Nikasema kesho, kesho, na kesho yenyewe imefungwa kiunoni mwa mtu.

Wifi alipoona silipi, alimwita mkubwa wao. Shemeji huyu ni fundi saa. Ni mzee mkavu, haongei sana, na katika ukoo ule akishasema neno, hata mbuzi huacha kulia. Mfukoni mwa shati daima ana kile kioo chake kidogo cha kubana jichoni. Alikaa kiti cha dirishani. Nje, karibu na ngazi, nilimwona mwenye mkokoteni ameegemea mkokoteni wake anakula muwa.

"Huyo ni wa nani?" nikauliza.

"Wangu," alisema wifi. "Nimemweka tayari tu."

Shemeji akasikiliza upande wa dada yake, akanigeukia.

"Shemeji, kazi ilifanyika au haikufanyika?"

"Ilifanyika, shemeji. Lakini sikuiomba."

"Maji uliyachotewa?"

"Nilichotewa."

"Ukayanywa?"

"Sasa shemeji, niyatazame?"

"Ukayanywa," alisema. "Aliyekunywa hawezi kusema hakuletewa."

Kila nilichotaka kusema kilikuwa na ufa. Ningesema sikutaka usafi? Ungekuwa wimbo wa ukoo mpaka nife.

"Lakini na wewe," akamgeukia dada yake, "hesabu hii haina shahidi. Shahidi ni mdomo wako. Mimi mdomo wako nauamini, tumenyonya ziwa moja. Ila nikikuta ndani yake uongo mmoja, mmoja tu, natupa yote, kama saa iliyoingia maji."

"Kaka! Mimi niseme uongo?"

"Nimesema nikikuta."

"Hutakuta."

Shemeji akasema kama silipi, basi cherehani iende kwa wifi, na hapo tuwe tumemalizana, tusiaibishane zaidi. Akamwita mwenye mkokoteni. Yule akaufuta mkono kwenye suruali, akaingia na miguu yake yenye vumbi juu ya deki ya bei, akaishika cherehani yangu masikioni. Kaptula ya mguu mmoja ilikuwa bado inaning'inia kwenye sindano. Nikaenda nikaitoa, nikaikunja. Sijui kwa nini nilihangaika kuikunja vizuri.

Sasa mshindi angekaa kimya, angekula ushindi wake taratibu. Lakini nilishasema, mdomo haukustaafu. Alipoona chuma kimeinuka sakafuni, furaha ikampanda, na akatutolea orodha ya kazi zake za kule nyumba ya wageni, ambayo kaisema miaka mingi mpaka inajisema yenyewe.

"Na tena hapo kaka nimemhurumia! Sijataja mashuka, sijataja mito, sijataja mapazia! Mapazia peke yake! Kila Jumamosi nayashusha, naloweka, nafua, napiga pasi, nayapandisha."

Nikainua macho kwenye pazia la dirishani.

Ngoja nikueleze habari ya mapazia yangu, na unielewe, usinicheke. Fundi mwashi aliyejenga dirisha lile alipokaa shemeji alikuwa na haraka. Badala ya kulitundika bomba la pazia, alilichomeka ukutani ncha zote mbili akazizibia kwa saruji. Pete haziingii, pazia halipiti. Mume wangu akasema tumwite abomoe. Nikasema mimi ni mshonaji, wewe shika meza. Nikapanda juu ya meza, nikalizungushia kitambaa bomba na kukishona hapohapo juu, kwa mkono, uzi mara mbili, yeye chini ananishika miguu na kunitania. Nilijivuna sana kwa ufundi ule. Nilikuja kukumbuka baadaye kwamba pazia huwa linafuliwa.

Kwa hiyo nilikuwa na la kusema, na nilikuwa sina mdomo wa kulisema. Nikilitamka, ukoo mzima utajua kwamba mapazia ya shemeji yao hayajaonja sabuni tangu marehemu yuko hai. Nisipolitamka, cherehani ile, imefika mlangoni. Mwenye mkokoteni alikuwa anaipindisha ipite.

"Weka chini," nikamwambia.

"Bibi, mimi nimeshika nusu ya malipo."

"Weka chini upumzike mgongo, mjukuu wangu. Wifi, mapazia kweli unayashusha?"

"Kila Jumamosi."

"Yote?"

"Niache moja ili iweje?"

"Basi shusha hili moja, nijifunze. Mimi mzee, mikono haifiki."

Akaniangalia. Sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alisogea dirishani polepole, akapanda kigoda, akavuta pazia kushoto. Halikuja. Akavuta kulia. Akainua mkono kutafuta ndoano, akapapasa, akapapasa. Vumbi likaanza kushuka kama unga kwenye chungio.

Shemeji aliinuka. Alitoa kile kioo, akakibana jichoni, akausogeza uso karibu na kitambaa kama anayetafuta skrubu iliyopotea. Alifuata mshono mpaka ukutani, akagusa saruji kwa ukucha. Akarudi nao.

"Huu uzi haujawahi kufumuliwa," alisema. "Vumbi limelala ndani ya matundu ya sindano." Halafu akapiga chafya, kubwa, kioo kikamdondoka kiganjani. "Shemeji, haya mapazia yalifuliwa lini?"

Nikatazama sakafu. Ilikuwa inang'aa sana, sikupata pa kujificha.

"Marehemu ndiye aliyeyaona mapya, shemeji."

"Hayajawahi kugusa maji?"

"Mvua iliwahi kuingia dirishani. Kidogo."

Mwenye mkokoteni akacheka, akajifanya anakohoa muwa. Mimi mwenyewe masikio yalikuwa yamewaka moto. Lakini shemeji hakucheka, wala hakuniangalia tena. Alikuwa anamwangalia dada yake aliye juu ya kigoda, mkono mmoja umeshika pazia, mwingine umeshuka kiunoni pale penye fundo, na kitambaa changu kichwani kimegeuka rangi kwa vumbi.

"Jumamosi iliyopita," alisema shemeji, "uliyashushaje?"

Wifi akalitazama bomba. Akaitazama saruji. Akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu aje kunitazama, nadhani aliniona.

"Kaka," alisema, "haya... haya huwa nayafua yakiwa hukohuko juu."

Shemeji akanyoosha kiganja kitupu kuelekea kiunoni mwa dada yake, akangoja mkanda.

"Na pasi je?"