Taraza ya Foronya

Mwaka wa sitini na moja watu waligombana kwa vyama vya siasa hata misibani hawaendeani. Mimi nilikuwa na vita vyangu: foronya za mke mwenzangu.

Mume wangu Bakar alichuuza samaki wakavu, na zamu zake alizigawa baina yangu huku Kojani na Mwanabaraka, mkewe mdogo wa mjini Wete. Kila akirudi, sifa ni za foronya za huko, zenye taraza, pindo la lesi iliyofumwa kwa mkono. "Ukilaza kichwa hutaki kuamka," aliniambia, mimi mkewe wa ujanani, bila haya. Nilitaka siku moja tu ausifu hivyo mto wangu.

Safari moja akaja na nguo chafu zimetiwa ndani ya foronya ya huko. Nguo nilizifua upesi. Foronya nikabaki nayo mpaka Bakar arudi tena, na siku hizo nikenda nayo kwa jirani yangu Bi Mgeni, aliyejua kufuma kidogo. Akanipa sindano yenye ndoano, akanionesha namna ya kuvuta uzi ndani ya tundu.

"Legeza mkono, Mwanamize! Lesi hino, si mbuzi wa kukabwa!" akanicheka.

Nilikaba kweli, taraza ikajikunja yote. Nilifuma, nikafumua, nikafuma tena, uzi ukawa mweusi kwa jasho. Bi Mgeni alijua mishono tu. Urembo niliuiga kwenye foronya ile. Karibu na pembe, majani mawili ya lesi yalishikana bila tundu katikati. Hapo palinitesa kuliko pote, nikadhani ndipo penye ufundi wenyewe. Nilipopaweza nililia kwa furaha, mwanamke mzima. Bakar alipokuja nikampa foronya ya wenyewe, akenda nayo.

Zamu yangu iliyofuata, mto ulikuwa umevaa foronya yangu, nimeitia wanga, nimeipiga pasi. Bakar akakaa kitandani, akapitisha kidole kwenye taraza. Kidole kikasimama penye yale majani mawili. Akatabasamu. Tabasamu lile sikuwa nimeliona kwa miaka.

"Hino ya Mwanabaraka. Nimeisahau lini huku?"

"Umejuaje kama ni yake?"

"Hapa alikosea. Taa iliisha mafuta, naye hataki kuacha, akawa afuma gizani nasi twacheka. Nikamwambia asipafumue, papo hapo ndipo napapenda mie."

Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ni yangu. Lakini angeniuliza kwa nini nimefuma hata kosa lake, nami ningejibu nini?

"Mpelekee mwenyewe," nilisema.

Akaivua kwenye mto, akaikunja polepole, Bakar huyu asiyekunja hata kanzu yake, akaitia mkobani. Kisha akalaza kichwa juu ya mto mtupu, mara akakoroma. Nilikaa pembeni ya kitanda nikimchukia, na huku nikilionea wivu kosa la mwenzangu.