Darubini Iliyovishwa Miwani

Katekista Stanislaus alikuwa na macho mabovu na kichwa kizuri, na kwa miaka miwili kichwa kilimsitiri. Kila Jumamosi jioni mkewe, Serafina, alimsomea masomo ya kesho yake, naye akayakariri neno kwa neno. Jumapili alisimama mbele ya waumini wa kigango cha Katindiuka, akakikodolea kitabu macho na kutiririka. Miwani aliyopimiwa Ifakara ilikuwa imelala sandukuni, chini ya vitenge vya Serafina. Alisema miwani ni ya makarani na ya wazee wanaosubiri kuitwa. Yeye alikuwa na miaka hamsini na moja tu, na mpunga analima mwenyewe.

Lakini tangazo la ndoa huwezi kulikariri kabla hujalipata. Jumapili ya pili ya Majilio, mwaka 1993, aliwekewa karatasi mkononi ibada ikiwa imeshaanza. Iliandikwa kwamba Beatus anataka kumwoa Teddy, binti wa Klementina. Stanislaus aliona ukungu, na ndani ya ukungu jina la Beatus na jingine moja refu. Akabahatisha.

"Beatus anatarajia kufunga ndoa na Klementina. Mwenye kujua kizuizi atoe taarifa."

Wendelin, mume wa Klementina, akainuka kutoka benchi la tatu. "Kizuizi kipo! Ni mimi!"

Kwaya ilishindwa kuimba. Klementina mwenyewe alicheka mpaka akajifunika kanga usoni. Ambaye hakucheka ni Marcelino, mwenyekiti wa kigango.

"Ukikosea tena Jumapili ijayo," alimwambia nje, "somo la Krismasi atasoma Mwalimu Gosbert."

Hilo lilimchoma. Somo la Krismasi lilikuwa lake kwa miaka kumi na moja, na hakuna kitu duniani alichokipenda kama kanisa lililojaa likimsikiliza yeye. Serafina aliitoa miwani, akaiweka mezani. Stanislaus akairudisha sandukuni.

Alhamisi asubuhi akaja Ngusa, Msukuma aliyekuwa akiwaletea maziwa kwa baiskeli, redio kaifunga kwenye usukani.

"Shikamoo, katekista. Umesikia taarifa ya habari? Wamarekani walirusha darubini kubwa kama basi, nje ya dunia kabisa, iangalie nyota. Imefika huko, kumbe haioni vizuri!"

"Marahaba. Haioni?"

"Ukungu mtupu! Kioo chake kilisuguliwa vibaya, kosa jembamba kuliko unywele."

"Hawa hawa waliotembea mwezini?"

"Hao hao! Miaka mitatu wanachekwa. Sasa wametuma watu saba, wameivalisha miwani hukohuko juu."

Stanislaus alibaki na sufuria ya maziwa mkononi. "Na yenyewe ikakubali?"

"Itakataaje, baba? Si ilitaka kuona."

Jikoni, Serafina alikohoa kikohozi kisichokuwa cha mafua.

Jumapili, ulipofika wakati wa matangazo, Stanislaus aliingiza mkono mfukoni, akaitoa miwani na kuivaa. Watoto wakaanza kucheka, wakubwa wakafuata.

"Tangazo la kwanza," alisema. "Kuna darubini ya Wamarekani huko angani, imevishwa miwani. La pili, na mimi pia. La tatu: Beatus anatarajia kufunga ndoa na Teddy, binti wa Wendelin na Klementina."

Wendelin alipiga makofi peke yake, kisha kanisa zima.

Baada ya ibada Marcelino alimvuta nyuma ya kanisa. Aliangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Hebu niazime hiyo kitu."

Akaivaa, akafungua kitabu cha nyimbo. Stanislaus alijiandaa kumcheka, haki yake kabisa, lakini alipomwona yule bwana mkali akifuata maneno kwa kidole, moja moja, akaacha.

"Kaa nayo mpaka Jumamosi," alimwambia. "Ila Krismasi nasoma mimi."

"Soma, soma," alijibu Marcelino bila kuinua kichwa. Alikuwa ameshaanza kuimba polepole, neno kwa neno, ubeti wa pili wa wimbo ambao kwa miaka mingi alikuwa akiumumunya tu.