Karatasi Kwenye Kofia ya Chon

Pale uwanjani Guadalajara, mariachi, wale wanamuziki wa Kimeksiko wa kukodiwa, wanapokaa kungoja wateja, mtu anasamehewa ulevi, anasamehewa uvivu, anasamehewa hata wake wawili. Jambo moja tu halisameheki: kupiga muziki huku unasoma karatasi. Mteja anakuja, anataja wimbo, mnapiga. Hakuna cha "ngoja kidogo nitafute ukurasa." Mariachi wa kweli nyimbo zake ziko kichwani, na atakayekuja pale na stendi ya kuwekea noti za muziki atachekwa mpaka na wang'arisha viatu.

Ndiyo maana don Evodio, mpiga fidla aliyezeekea uwanjani hapo, aliliendea duka la vyombo vya muziki kama mtu anayenyatia nyumba ya mganga. Alitazama kulia, akatazama kushoto, halafu akamsukuma mkewe atangulie.

Eduviges hakuwa mtu wa kusukumwa. "Ingia mwenyewe, mzee. Mimi fidla sipigi."

Kilichompeleka ni hiki: kichwa kilikuwa kimeanza kumtoroka. Mikono ilikuwa mizima kabisa. Ukimwonyesha mwanzo tu wa kila ubeti, vidole vinakimbia vyenyewe mpaka mwisho wake. Lakini huo mwanzo jamani! Ulikuwa unapotea hivi hivi, kama soksi. Mwezi uliopita, kwenye maziko ya muuza nyama mmoja, alipewa ishara aanzishe wimbo wa kuaga, naye akaanzisha, kwa nguvu zake zote, wimbo wa walevi wa kumshangilia jogoo aliyeshinda pambano. Wenzake wangefanya nini? Walifuata. Mjane alionekana anagonga mguu chini kwa raha, ndipo akajikumbuka na kuangua kilio.

Melquíades, mpiga tarumbeta na kiongozi wa kundi, hakumfokea. Heri angemfokea. Alisema tu, "Don Evodio, nakuheshimu kama baba yangu. Ukipotea tena, fidla yako ukawapigie kuku." Kesho yake akampeleka mpwa wake kwa Eduviges, ambaye ndiye mshonaji wa suti za kundi zima, akapimwe suti. Mpwa alikuwa mpiga fidla. Eduviges alimpima mabega huku pini zimemjaa mdomoni, na alimshukuru Mungu kwa zile pini, maana bila hizo angesema maneno ambayo yangemfukuzisha mumewe siku hiyo hiyo.

"Karibuni," alisema muuzaji, binti mchangamfu aitwaye Yadira. "Niwasaidie nini?"

"Stendi ya noti," alisema don Evodio kwa sauti ya mtu aliye kwenye kitubio. "Si yangu. Ya mjukuu."

"Safi sana! Ana miaka mingapi?"

"Tisa."

"Urefu wake?"

"Kama mimi."

Yadira alimtazama kuanzia viatu mpaka utosini. "Makubwa! Huyo mtoto mnamlisha nini?"

"Supu ya mbuzi," alijibu Eduviges, "na uongo wa babu yake."

Yadira alikuwa na adabu, akageuka kucheka huku anavuta stendi ya kwanza. Ilikuwa ya waya, ya kukunja, inaingia yote kwenye mfuko mwembamba wa mwavuli. Don Evodio aliipenda papo hapo, mpaka alipoambiwa aifungue. Alivuta mguu, kikatoka kichwa. Alisukuma kichwa ndani, miguu mitatu ikamrukia kitambini.

"Mzee, unaifungua au mnapigana?" aliuliza Eduviges.

"Na upepo je?" don Evodio alimuuliza Yadira, akihema.

"Upepo ukija inaanguka. Ukipiga nje lazima uifunge jiwe miguuni."

"Kwa hiyo nibebe fidla, nibebe stendi, na jiwe nibebe?"

Stendi ya pili ilikuwa ya sahani nzima ya chuma na miguu mizito, nayo pia inakunjika. Yadira aliifungua kwa mkono mmoja, akaisukuma kwa kiuno, na stendi haikutikisika. "Hii ndiyo ya mtu wa kazi. Upepo ukipita unaipa shikamoo."

Eduviges aliigonga kwa ukucha kama anayechagua sufuria. "Tunachukua hii."

"Hii itaonekana mpaka mji wa pili!" alisema don Evodio. "Nikisimama nyuma yake watu watadhani nimekuja kuhubiri."

"Mjukuu," Eduviges alimkumbusha.

"Mjukuu, ndiyo. Mjukuu ataonekana mhubiri."

Ndipo jicho lake likatua ndani ya kabati la kioo. Kulikuwa na kibanio cha shaba, si kikubwa kuliko kiganja, kile ambacho wapiga tarumbeta wa gwaride hukibana kwenye chombo chao ili kishike karatasi huku wanatembea. Yadira akamwonya kwamba hicho hakikai kwenye fidla. Don Evodio hakuwa akiwaza fidla. Alikuwa anaitazama kofia yake juu ya kaunta, ile kofia pana ya kimariachi, na ule ukingo mgumu uliopinda juu kwa nyuma.

Eduviges alilijua tabasamu lile. "Mzee, hapana."

"Ni kidogo, ni chepesi, hakionekani."

"Nasema hapana! Chukua kinachosimama, uishi kwa amani."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Walitoka na kibanio.

Kofia aliyoikusudia haikuwa yake, kwa kuwa mtu hawezi kusoma kisogo chake mwenyewe. Ilikuwa ya Chon, kompadre wake, baba wa ubatizo wa binti yake, mtu mfupi aliyepiga lile gitaa kubwa lenye tumbo kama nguruwe aliyeshiba. Chon akisimama mbele na don Evodio nyuma yake, karatasi itakuwa mbele ya macho ya don Evodio, na wateja hawataona kitu.

"Kompadre," alisema Chon, "unataka kunipamba kama mti wa Krismasi?"

"Kisogoni tu. Nani atakuona?"

"Na nikikohoa?"

"Usikohoe."

"Na akipita mwanamke mzuri?"

"Kompadre, wewe ni babu."

"Mimi babu. Macho bado hayajaoa."

Walijaribu kwenye sherehe ya ubatizo. Mwanzo mambo yalikuwa shwari. Kisha mama wa ubatizo, aliyevaa gauni la kijani, akatokea jikoni na sufuria ya supu ya pozole, na kichwa cha Chon kikamfuata. Kichwa kilipoenda kushoto, karatasi ilienda kushoto, na don Evodio akaenda kushoto. Mama akarudi kulia. Wote wawili wakarudi kulia, fidla inalia, gitaa linanguruma, wazee wawili wanazungukana kama majogoo. Wageni wakadhani ni madoido, wakapiga makofi. Melquíades, ambaye makofi humlevya kuliko tekila, alikuja baadaye akiwa ameng'aa uso. "Hiyo mbwembwe mmeitoa wapi? Kila sherehe tutaiweka!"

Usiku huo don Evodio alilala kama mtoto mchanga. Mkewe hakulala. Alikaa anaisikiliza ile pumzi na kusema moyoni, "Ngoja tu."

Haikupita wiki akafariki don Fulgencio, mpiga kinubi wao. Yeye na don Evodio walikuwa wameingia uwanjani pamoja wakiwa vijana, na familia ikaomba jambo moja: wimbo wa kuaga uanzishwe na fidla ya Evodio, peke yake.

Melquíades alimvuta pembeni kwenye lango la makaburi. "Huyu ni wetu, don Evodio. Leo sitaki kusikia jogoo. Leo nikisikia jogoo, tumemalizana."

"Hutamsikia," alisema don Evodio, na alimaanisha. Karatasi ilikuwa tayari kwenye kofia ya Chon. Padre alisoma, akanyunyiza maji, akarudi nyuma. Kundi likasogea kaburini.

Melquíades akavua kofia.

Mama yangu! Mariachi akizikwa, wenzake hupiga vichwa wazi, na kofia zote hulazwa chini, mstari mmoja, ukingoni mwa kaburi. Don Evodio alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Lakini siku zote hizo alizokuwa akihangaika asisahau wimbo, kofia aliisahau kabisa.

Chon alimgeukia, macho yamemtoka. "Kompadre, nifanyeje?"

"Kaa nayo kichwani."

"Nikae nayo vipi? Ni Fulgencio!"

Ni kweli, alikuwa Fulgencio. Chon aliivua, akailaza chini pamoja na nyingine, na karatasi ikasimama wima juu yake, nyeupe pee, kama bei ya nyanya sokoni. Mjane aliiona. Padre alirefusha shingo aisome. Melquíades naye aliiona, akatazama kibanio, akamtazama Chon, akamtazama don Evodio, na taya likamlegea. Halafu akainua kidole: anza.

Don Evodio alifumba macho, akautafuta wimbo. Ilikuja sura ya Fulgencio. Kikaja kicheko chake, na yale matusi aliyokuwa akiitukana nyuzi za kinubi kila asubuhi. Wimbo haukuja. Aliyekuja mbio, kifua mbele, ni yule jogoo. Don Evodio aliogopa. Aliogopa kupita alivyoogopa kifo chenyewe, kwa sababu kifo humchukua mtu na nyimbo zake, lakini hiki kilikuwa kinachukua nyimbo na kumwacha mtu amesimama. Alifumbua macho. Karatasi ilikuwa pale chini, na kwa umbali ule noti zote zilikuwa kama mchwa.

Basi akapiga magoti. Mbele ya watu wote, kwenye tope, ndani ya suti nyeusi aliyoshonewa na mkewe, pua karibu iguse kofia, akapiga.

Vidole vikakimbia. Watu walimwona mzee aliyemwangukia rafiki yake kaburini, na kilio kikapanda. Kwa jicho moja Eduviges alimlilia Fulgencio, kwa jingine akaililia suruali. Chon aliona aibu kusimama. Naye akashuka, na tumbo la lile gitaa likaning'inia nusu ndani ya kaburi. Wengine wakafuata, hata waliokuwa na magoti mabovu. Melquíades alishuka wa mwisho, kando ya don Evodio, tarumbeta mkononi.

Upepo ukaja. Karatasi ikajikunja, na macho ya don Evodio yakabaki hewani. Melquíades aliinyoosha kwa vidole, akaikandamiza pale pale. Alikuwa na sehemu yake ya kuingia, na ilipofika hakuinua tarumbeta, kwa kuwa angeinua, karatasi ingeruka. Tarumbeta haikulia siku hiyo, mwanzo mpaka mwisho wa wimbo.

Walipomaliza, hakuna aliyeinuka haraka.

"Tangu lini?" aliuliza Melquíades kwa sauti ya chini.

"Kabla ya muuza nyama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, na mpwa wako ameshapimwa suti?"

Melquíades aliipangusa tope tarumbeta yake. "Suti yake ingoje," alisema. "Jumamosi tuna harusi. Harusini nani atapiga magoti? Njoo na kitu kinachosimama."

"Uwanjani watatucheka."

"Watatucheka sana. Sasa nipe mkono, goti langu limegoma."

Don Evodio akampa mkono, naye la kwake pia lilikuwa limegoma, kwa hiyo wakainuka taratibu, mmoja akimvuta mwenzake.