Hewa Inatorokea Wapi

...subiri, namwambia, subiri kwanza, nimeweka kiganja juu ya huu mpira mnene unaopeleka hewa ya tabo, ile feni ya kuongeza pumzi, kwenye injini na sitaki akanyage mafuta kabla sijajua natafuta nini, binti yangu yuko kwenye usukani, kofia ngumu kichwani tangu asubuhi, utadhani mlima wa mashindano umeletwa hapa uani, na baba yake kaegemea ukuta, "Mama watoto, tumtoe tu mashindanoni, gari litamzimikia kwenye kona," ... huyu naye akipiga chafya mbili anaandika wosia, lakini hapo hasemi uongo, likipanda kwa gia ya tatu, tabo ikianza mluzi, gari linakohoa, linalegea, moshi mweusi, na kona ile haina ukingo ... plagi kabadilisha, koili kabadilisha, pampu ya mafuta kabadilisha, kilichobaki abadilishe mke ... "Mama, nikanyage?" ... subiri ... moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa, hata jiko likizibwa hutoa moshi, kwa hiyo hewa inaingia, injini inaipima, inaitolea mafuta yake, halafu hewa inatoroka njiani, wapi, na hapa likiwa limesimama akanyage mpaka majirani wahame halitaonyesha kitu, tabo haisukumi kwa nguvu bila mzigo ... mgongo wangu jamani, nainamia boneti hii tangu gari lilipokuwa na viti vya nyuma, sasa viti viko sebuleni, tunakalishia wageni ... klipu inayoubana imekaza, haizunguki, lakini mpira wenyewe, nausukuma kidogo tu nao unateleza chini ya klipu, natazama vidole, vinang'aa, grisi, nani anapaka grisi kwenye mpira wa tabo ... uliofungwa Jumapili, na aliyeufunga ni binti peke yake, "Mama, kapumzike bwana, naweza," nami nikaenda kulala bila kubembelezwa ... na grisi kaitoa wapi kama si kwangu, pete ikikwama paka mafuta, bawaba ikilia paka mafuta, mpira ukigoma paka mafuta, mtoto umleavyo, haya, ndiye huyo kakua, ila huu wa tabo huvikwa mkavu, ukiulainisha presha inauvua kama soksi ... ningeufuta sasa hivi kwa kitambaa na petroli, nikakaza, nikanyamaza, baba yake asijue, yeye asijue ... halafu siku nyingine aupake tena, na kule konani gari likikohoa mimi nitakuwa wapi, nimesimama chini na chupa ya maji ... hapana, ashuke, aguse mwenyewe, avue, afute, akaushe, akaze, baba yake akitazama, atanuna kidogo, kununa hakuui, kisha apande mlima, na atapanda ... "Umepata nini wewe?" ... "Mama! Nikanyage au nisikanyage?" ... mguu wake bado uko juu ya pedali, kiganja changu kiko palepale juu ya mpira, ila hakitafuti tena kitu.