Kombe la Maneno ya Tausi

Miye mtu akiniambia vitabu vya hadithi ni burudani tu, namwacha aende zake. Hajui anachokisema.

Mwaka wa tisini na saba, hapahapa Kibiti, miye na Zabibu tulikuwa darasa la saba, na wote wawili tulikuwa tumerogwa na Ufunguo wa Chaza. Ilikuwa hadithi ya mfululizo, vijitabu vyembamba vya karatasi ya gazeti. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila kitu kinashuka kutoka Dar: mitumba, betri, kaseti, na hivyo vijitabu. Mchuuzi Fikirini alivitandaza chini pale stendi juu ya kanga kuukuu, na kila kikija kipya alituwekea. Ndani yake mna Tausi na Kijoli, marafiki wa kufa na kuzikana. Wakishikana mikono, Tausi akasema, "Chaza wa baharini, nisikie. Mimi na mwenzangu tu kitu kimoja. Fungua," hakuna mlango unaobaki umefungwa. Hata mauti yenyewe, katika kitabu cha tano, yalimwachia Kijoli.

Tuliyapenda maneno yale kupita kiasi. Tuliyasema mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, tukayasema mbele ya kabati la sukari la mama. Miye nilikuwa nacheza. Zabibu aliyaamini hasa, na nikimcheka ananinunia kutwa.

Masika yale Zabibu akashikwa na homa. Siku ya pili akaanza kukakamaa, macho yanageuka juu. Bibi yake, Bi Zaitun, ndiye aliyemlea yeye na mdogo wake Mwantum baada ya mama yao kufariki, na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho nyumbani. Akasema ni degedege, na kwetu kila mtu anajua: mwenye degedege akichomwa sindano, anakufa. Basi akafukizwa mavi ya tembo, akaogeshwa dawa za majani.

Hospitali ya misheni iko Mchukwi, baiskeli tu inakufikisha. Nikaingia, nikamwambia, "Shikamoo bibi. Tumpeleke Mchukwi."

"Marahaba. Umekuja kunizikia mjukuu?"

Zabibu mwenyewe, fahamu zilipomrudia, hakutaka. Akaninong'oneza, "Nifanyie ya Tausi. Nipe kombe lake."

Kombe tunalijua sote. Mwalimu wa chuo anaandika aya za Kurani kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaziosha kwa maji ya waridi, mgonjwa anakunywa. Huyu alitaka kombe la kijitabu cha stendi. Hasira zilinipanda, nusura nimzabe kibao na ugonjwa wake.

"Nikikupa, utakwenda Mchukwi?"

"N'takwenda."

Nikachana ukurasa wa kitabu cha tano, nikaulaza kwenye sahani, nikaumwagia maji. Wino wa chapa hautoki. Niliusugua kwa kidole mpaka karatasi ikatoboka, na maji yakabaki vilevile. Zabibu akayatazama.

"Maneno hayajatoka, Maulida."

"Yametoka. Ya Tausi hayaonekani."

Akanywa yote huku kanishika mkono. Nilimpenda siku ile kuliko siku zote.

Ajabu, kombe lile lilimlainisha bibi. Aliposikia mjukuu kanywa, hakuuliza la kitabu gani. Akasema mwenye kombe tumboni huenda sindano isimdhuru. Akatoa kanga, tukamfunga Zabibu mgongoni kwa mjomba wake Mussa, juu ya baiskeli. Daktari alisema tumechelewa mno, lakini alijaribu. Akamchoma sindano, akamtundikia dripu. Zabibu alikata roho kabla ya adhuhuri.

Bi Zaitun hakulia. Alisema, "Sindano," basi. Neno hilo lilikwishaenea Kibiti nzima kabla maiti haijaoshwa. Mtu anakufa kwa kucheleweshwa, halafu kifo chake ndicho kinachowachelewesha wengine. Hilo linanichoma mpaka leo.

Fikirini aliniwekea kitabu cha sita. Sikukichukua.

Vuli ikaja, na Mwantum naye akashikwa: homa, kukakamaa, macho juu. Nikakimbia. Nikaukuta mlango umekomewa kwa ndani, moshi unapita chini yake.

"Bibi, nifungulie. Huyu bado tunamuwahi."

"Weye ndiye uliyempeleka mwenzake kwenye sindano," akanijibu kutoka ndani. "Nenda zako, mwanangu. Sina ugomvi nawe."

Niligonga mpaka ngumi zikachubuka. Wanawake wa jirani walikuwa wamekaa barazani, hakuna aliyeinuka. Maneno ya kawaida yakaniishia. Nikaweka kiganja juu ya ubao, nikasema kwa sauti mbele yao wote, "Chaza wa baharini, nisikie. Mimi na mwenzangu tu kitu kimoja. Fungua."

Hakuna aliyecheka. Niliyarudia mpaka sauti ikakauka, na mlango ulikuwa ungali umefungwa nilipomsikia Bi Zaitun akianza kumlilia Mwantum.